Jibu la Shakila Stambuli

Shakila Stambuli hupima chumba mara sita kabla ya kuweka marumaru ya kwanza. Hupima kuta zote nne, kisha kona kwa kona, mara mbili. Mafundi wengi wa Morogoro hupima urefu na upana tu, wakazidisha, wakajua maboksi mangapi yanatakiwa, kazi ikaanza. Yeye hata ukimharakisha utamkuta amepiga magoti kwenye kona, ameshika ncha ya tepu, anasubiri mtu amshikie ncha nyingine.

Mwaka jana mwezi wa Juni, mtu aliyemshikia ncha nyingine nilikuwa mimi.

Nilikuwa namalizia nyumba yangu Kihonda. Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa shule ya msingi, na nyumba ya mwalimu hujengwa polepole, kwa hiyo hata nilipofika hatua ya sakafu nilikuwa bado nafanya kazi na fundi mwashi yule yule aliyeanza msingi miaka sita nyuma. Jina lake Shukuru. Nilipomuuliza kuhusu fundi wa marumaru alisema yupo mwanamke mmoja anakaa Mafiga, ana mdomo lakini kazi yake haina mfano. Asubuhi yake akaja naye.

"Shikamoo, Mwalimu Devotha," alisema kabla sijamwona vizuri.

"Marahaba." Nilimtazama. Ovaroli, kilemba, magoti ya suruali yameshonewa viraka vya mpira. "Shakila?"

"Ndiye mimi. Umenenepa, Mwalimu."

Shukuru alicheka mpaka akashika ukuta. "Nilikuambia ana mdomo! Kumbe mnajuana?"

"Alinifundisha darasa la saba," alisema Shakila, akatoa tepu mfukoni. "Tuanze na chumba hiki. Mwalimu, nishikie hapo."

Tukapima. Ukuta wa dirisha, mita nne na sentimita ishirini. Ukuta wa mkabala, nne na ishirini. Ukuta wa mlango, tatu na sitini. Wa mkabala, tatu na sitini. Shukuru alikuwa ameegemea fremu ya mlango amekunja mikono, anaridhika na kazi yake. Kisha Shakila akanituma kona ya mbali, tukavuta tepu kukatiza chumba. Tano na hamsini na nane. Tukahamia kona nyingine mbili. Tano na arobaini na nane.

Shakila aliiachia tepu ikajirudi yenyewe kwa kelele.

"Shukuru, chumba hiki si mstatili. Ni msambamba."

"Msambamba ndiyo nini? Kuta zangu zimesimama wima, weka pima maji uone!"

"Zimesimama. Ila zimesimama juu ya msingi uliokwenda upande. Hii kona imebana, ile imeachama."

"Dada, mbele na nyuma sawa, kushoto na kulia sawa. Unataka nini tena?"

"Nataka kona. Chukua fito nne, mbili ndefu sawa, mbili fupi sawa, zifunge ncha kwa kamba. Sukuma kidogo. Fito hazijabadilika hata moja, lakini umbo limelala. Pande kuwa sawa hakutoshi, Shukuru. Mstatili ni msambamba, ila ni msambamba wenye pembe mraba nne. Hapa pembe mraba hakuna hata moja."

"Ah! Wewe ulitakiwa uwe mwalimu, si kukaa na saruji."

Shakila hakucheka. Alikunja kamba yake, akasema bila kunitazama, "Muulize Mwalimu."

Shukuru alidhani anamwambia aniulize kama umbo lile ni msambamba kweli. Mimi nilijua alichomaanisha, na nitaeleza hapa chote, kwa sababu nimekaa nacho kimya muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu anayewafundisha watoto kusema kweli.

Mwaka 2004 nilikuwa mwalimu wa cheti, miaka minne tu kazini, katika shule moja upande wa Mlali, pale barabara inapoacha tambarare na kuanza kupanda. Mimi kwetu ni Kagera. Watoto wengi wa shule ile walikuwa Waluguru waliotelemka asubuhi kutoka mlimani, miguu imelowa umande, na wachache walikuwa watoto wa watu wa kuja kama mimi, waliofuata kazi za viwandani na mashambani. Shakila alikuwa wa mlimani. Baba yake, Stambuli, alikuwa ameoa kwingine na kuhamia Turiani. Aliyemlea pamoja na mama yake ni kaka wa mama, Mzee Hatibu, kwa sababu kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada zake.

Shakila alikuwa na kichwa cha Hisabati ambacho nimekiona mara mbili tu tangu nianze kazi. Alipenda kuuliza kwa nini. Wakati ule nilidhani mtoto anayeuliza kwa nini anamjaribu mwalimu.

Mwaka huo shule moja ya wasichana ya bweni ilitupa nafasi moja. Msichana atakayeongoza Hisabati katika mtihani wetu wa majaribio angechukuliwa kidato cha kwanza, na wao wangemsomesha mpaka kidato cha nne. Sekondari za kata zilikuwa bado hazijatufikia. Kwa mtoto wa mlimani, nafasi ile ilikuwa mlango pekee, na kila mtu shuleni alijua kwamba ni wa Shakila au wa Josephina. Josephina alikuwa mtoto wa karani mmoja wa kiwandani. Wazazi wake walikuwa wa kwetu. Sikumpendelea katika kusahihisha, hilo naweza kuliapia. Lakini akiongea Josephina nilimsikiliza mpaka mwisho, na akiongea Shakila nilimkatiza. Hilo pia naliapia.

Mtihani niliutunga mwenyewe. Swali la kumi na saba lilikuwa na michoro mitano, A mpaka E. Mstatili uliolala, rombasi, mstatili uliosimama, mraba, na msambamba. Swali liliuliza: kati ya maumbo haya, yapi ni mistatili? Alama mbili. Jibu langu lilikuwa A na C. Shakila aliandika A, C na D. D ulikuwa mraba.

Nikampigia mkasi.

Darasani kwangu kulikuwa na chati niliyoichora kwa mkono, nikaipaka rangi, na nilijivunia. Mraba ulikuwa kwenye kisanduku chake, mstatili kwenye chake, rombasi chake, msambamba chake, trapeza na tiara nazo kadhalika, na katikati nilipiga mistari myekundu. Chini ya mstatili niliandika: pembenne yenye pande mbili ndefu na pande mbili fupi. Sentensi hiyo sikuitoa kwenye kitabu chochote. Niliambiwa hivyo nikiwa mtoto, nikaipokea, nikaigawa. Sikuwahi kujiuliza kama ni kweli.

Matokeo yalipobandikwa Josephina alikuwa na tisini na moja, Shakila tisini. Siku ya pili Shakila alikuja ofisini na mjomba wake. Mwalimu Mkuu alikuwepo. Mzee Hatibu alivaa koti na kofia safi ya kufuma, akasalimia kila mtu, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa polisi.

"Mtoto anasema kuna swali," alisema taratibu.

"Kuna swali alilokosa," nilijibu.

"Sikukosa, Mwalimu," alisema Shakila. Alikuwa amesimama, karatasi mkononi. "Mstatili ni kuwa na pembe mraba nne. Mraba unazo nne. Kwa hiyo ni mstatili."

"Mraba ni mraba. Una jina lake."

"Una jina lake, ndiyo. Na mimi nina jina langu." Aliikunja karatasi. "Mwalimu, mimi ni wa lukolo la mama yangu, yaani ukoo wake. Mtala wangu, lile jina la ukoo, ni wa upande wa baba. Niko kote kuwili na sijakatwa katikati. Mraba nao ni hivyo. Pembe zake ni za mstatili, pande zake ni za rombasi, zote nne sawa. Ni wa nyumba zote mbili. Na nyumba zote mbili ni za ukoo wa msambamba, maana pande zinazotazamana zinakwenda sambamba. Ndiyo maana sikuandika E, kwa sababu msambamba siyo lazima uwe mstatili, lakini mstatili lazima uwe msambamba. Inapanda, haishuki."

Nimeyaandika maneno hayo jinsi alivyoyasema. Sijayasahau hata moja, na hayana kosa hata moja. Katika miaka yangu yote sijamsikia mtu mzima akieleza vizuri zaidi jinsi pembenne zinavyohusiana, na yeye alikuwa na miaka kumi na tatu.

Mimi nilimjibu hivi: "Kwetu mtoto ana baba mmoja na ukoo mmoja. Na hapa hatuzungumzi koo, tunazungumza Hisabati."

Mwalimu Mkuu alicheka kidogo. Kicheko kile kilimaliza kesi.

Nikamgeukia Mzee Hatibu. Nikamwambia binti yenu ana akili, ila ni mkaidi, anabishana na walimu, na nafasi ya bweni haiwafai watoto wa namna hiyo. Nikasema akiomba radhi nitayaacha yaishe. Mzee alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akatazama sakafu.

"Shakila, omba radhi," alisema.

"Kwa kosa gani, Mjomba?"

"Omba radhi."

Hakuomba. Alitoka nje, na mjomba wake akaomba radhi kwa niaba yake, mara mbili, akiwa amevua kofia.

Josephina alikwenda bweni. Leo ni mfamasia, ni mtu mwema, wala hana hatia yoyote katika jambo hili. Kwenye ripoti ya Shakila niliandika kwa wino mwekundu: Ana akili lakini ni mkaidi na hana adabu kwa walimu. Katika mtihani wa taifa alifaulu, ila majina ya waliochaguliwa yalipotoka lake halikuwemo. Alilima mwaka mmoja, akatelemka mjini kwa shangazi yake Mafiga, akafanya kibarua cha kuchanganya zege kwenye majengo, akamwangalia fundi mmoja wa marumaru mpaka akaijua kazi kuliko fundi mwenyewe. Hayo nimekuja kuyajua baadaye. Wakati ule sikuuliza alikokwenda.

Mwaka 2009 nilikwenda chuo kusomea diploma. Mwaka wa kwanza, muhula wa pili, mkufunzi wetu alichora ubaoni duara kubwa, akaandika pembenne. Ndani yake akachora duara la misambamba. Ndani ya misambamba akachora maduara mawili yaliyoingiliana, mistatili upande huu na rombasi upande ule, na pale yalipoingiliana akaandika: miraba. Akasema walimu wengi huwaharibu watoto kwa kuwafundisha kwamba mraba si mstatili, na kwamba ufafanuzi wa pande mbili ndefu na mbili fupi haumo katika Hisabati. Darasa zima liliandika. Mimi kalamu ilinigomea mkononi.

Shakila wakati ule alikuwa na miaka kama kumi na tisa. Alikuwa Mafiga, mwendo mfupi tu kutoka kituo cha mabasi ninaposhukia nikirudi likizo. Ningeweza kumtafuta. Kulikuwa bado na njia, masomo ya jioni, chuo cha ufundi, mtihani wa kujitegemea. Sikumtafuta. Niliporudi kazini niliibandua ile chati, nikachora nyingine iliyo sahihi, na nikajiambia kwamba nimetubu. Huo ulikuwa uongo wa pili. Mtu akimvunjia jirani yake mtungi hawezi kusema ametengeneza kwa kujifunza kushika mitungi vizuri.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya maneno "muulize Mwalimu".

Mchana Shukuru alipokwenda kula nilibaki na Shakila chumbani. Alikuwa ameshapiga uzi katikati ya chumba na anapanga marumaru kavu bila gundi, aone zitakavyokaa.

"Nitaanzia katikati," alisema. "Upungufu nitausukumia ukutani, nyuma ya kabati lako. Hutauona, lakini upo."

"Shakila," nilisema, "ulikuwa sahihi. Swali la kumi na saba. Ulikuwa sahihi na mimi nilikosea, na nimelijua hilo tangu mwaka wa 2010."

Aliendelea kupanga. Marumaru moja, visalaba vya plastiki vya kutenganisha, marumaru nyingine.

"Mimi nimelijua tangu 2004," alisema.

"Nisamehe."

"Usiniambie nikusamehe nikiwa kazini, Mwalimu. Nitakosea mstari." Kisha akakaa kitako sakafuni, akafuta mikono. "Alama zile sizitaki tena. Nitazifanyia nini? Kuna kitu kimoja tu nataka. Mjomba yuko hai. Mama alipofariki nilikwenda kuzika, nikamsalimia, nikatelemka siku ile ile. Sehemu ya shamba la ukoo iliyokuwa ya mama ni yangu, sijawahi kuilima. Siwezi kukaa nyumbani kwa mtu anayeniona mwongo. Miaka yote hii anaamini nilikwenda kumwaibisha ofisini kwa jibu la uongo. Nenda ukamwambie. Kwa mdomo wako. Mimi akiniambia tu 'nimesikia', nitapanda mlimani siku hiyo hiyo."

"Nitakwenda."

"Usiseme kwa simu."

"Nitakwenda mwenyewe, Shakila."

Jumamosi nilipanda pikipiki kutoka Mlali mpaka inapokomea njia, nikamalizia kwa miguu katikati ya migomba na matuta ya njegere. Mzee Hatibu nilimkuta uani kwake anapukuchua maharage, redio ikiwa imetundikwa kwenye msumari. Magoti yamevimba, hatembei mbali siku hizi. Alinijua mara moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Ulikuwa mwembamba."

"Nimeshaambiwa."

Alizima redio, akanipa kigoda. Nilimweleza bila kuzunguka. Nilisema Shakila alijibu sahihi, mimi ndiye niliyekuwa sijui, kwamba nafasi ya bweni ilikuwa yake, na kwamba nilipokuja kujua nilinyamaza. Mzee alisikiliza mkono wake ukiwa ndani ya ungo wa maharage, hauendi mbele wala nyuma.

"Mwalimu," alisema nilipomaliza, "mimi nilijua."

Sikumwelewa. "Ulijua nini, mzee?"

"Kwamba yuko sahihi. Nimepasua mbao misituni miaka kumi na tano. Ubao wenye pande zote sawa na ubao wenye pande mbili ndefu, kona zake unazitafuta kwa skwea ile ile moja. Na alipolitoa lile la lukolo na mtala nikaelewa kabisa. Nikasema moyoni, mtoto huyu amemshinda mwalimu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe? Mwalimu Mkuu aliyekuwa anacheka?" Hakuwa na hasira, alikuwa anaeleza tu. "Nilikuwa na watoto wengine wanne wa dada zangu katika shule ile, na wote walikuwa wanakuja kwenye mikono yako. Na ninyi watu wa kuja, mtu wa mlimani akifungua mdomo mnasema tunapenda ubishi. Nikapiga hesabu. Mmoja ainame, wanne wapite. Kumbe yule mmoja hainami."

"Yeye anadhani hukumwamini."

"Najua anachodhani." Alichota maharage, akayaachia yakaanguka tena. "Ni afadhali adhani hivyo. Mtu mjinga anasamehewa. Sasa nisikilize. Umekuja, umenieleza, umefanya vizuri. Rudi umwambie Mjomba amesikia. Sema ameshangaa, amejuta, anamwita. Hayo ya kwamba nilijua yaache hapa hapa uani. Atapanda, atalima shamba la mama yake, nitakufa nimemwona. Nani ataumia?"

Niliondoka bila kumjibu. Kutelemka kote nilikuwa nayafikiria maneno yake, na sikupata kasoro ndani yake isipokuwa moja, kwamba si kweli. Ningesema maneno mawili, "Mjomba amesikia", na Shakila angerudi kwao. Hata yasingekuwa uongo kamili. Lakini mimi nilishamnyima mtoto yule ukweli mara ya kwanza kwa kutojua, na mara ya pili kwa kunyamaza, miaka kumi na tano. Kumnyima mara ya tatu, tena kwa makusudi, nikijiita ninamsaidia, niliona kwamba siwezi. Niliamua kwamba mtu mzima ana haki ya kujua kilichomtokea. Bado naamini hivyo. Lakini kuamini hivyo hakunipi usingizi.

Jumatatu nilimkuta Shakila jikoni anajaza mistari ya katikati ya marumaru kwa saruji nyeupe. Alisimama nilipoingia. Sijawahi kumwona mtu mzima akinitazama vile, kama mtoto anayesubiri karatasi yake irudishwe.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta. Nikamweleza yote."

"Akasemaje?"

Nikamwambia. Nilisema yote kwa mpangilio, mbao, skwea, watoto wanne, mmoja ainame. Nikamwambia hata kwamba mzee aliniomba nisiseme. Sikupunguza wala sikupamba.

Shakila aliinama akaokota sponji, akaikamua ndani ya ndoo, akaikamua tena ingawa haikuwa na maji.

"Alijua," alisema.

"Alijua."

"Ofisini pale."

"Ndiyo."

"Haya, ofisini sawa. Ofisini mlikuwepo ninyi, aliogopa, nakubali." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. "Lakini tulirudi kwa miguu, Mwalimu. Saa nzima ya kupanda. Mimi nalia, yeye yuko mbele yangu, hatukukutana na mtu. Angegeuka akaniambia, Shakila, uko sahihi, nyamaza tu. Asingesikia mwalimu yeyote. Nisingemwambia mtu. Ningelilinda neno lile mpaka leo."

Alitumbukiza sponji ndooni.

"Nilidhani hajui," alisema. "Mtu asiyejua unamngoja ajue. Miaka yote hii nilikuwa namngoja. Sasa nimngoje nini?"

Shukuru aliingia wakati ule na ndoo, anaimba, akatuona, akatoka.

"Pengine ningenyamaza," nilisema.

"Hapana, usiseme hivyo. Ukisema hivyo nitakasirika." Alipiga magoti tena. "Niache nimalize, saruji inakauka."

Alimaliza nyumba yote Alhamisi. Kazi yake haina doa. Kwenye kile chumba kilichokwenda upande mgeni hawezi kugundua lolote, marumaru zimenyooka kutoka mlangoni mpaka dirishani, na vipande vilivyokatwa kwa mshazari viko nyuma ya kabati kama alivyosema. Tuliagana vizuri. Hakunitajia mjomba wake, na mimi sikuthubutu.

Darasani mwangu siku hizi nafundisha pembenne kwa maelezo ya lukolo na mtala, na nimewaeleza wanafunzi kwamba ni ya msichana wa mlimani aliyesoma shule kama yao, na kwamba mwalimu wake alimpigia mkasi. Wanauliza mwalimu huyo ni nani. Ninawaambia ni mimi. Wanacheka, wakidhani nawatania, na inanibidi nirudie.

Shakila hajapanda mlimani. Mwezi wa Septemba nilimpigia simu Mzee Hatibu, nikamwambia kwamba sikuweza kutii ombi lake, na kwamba Shakila anajua.

"Alisemaje?" aliuliza.

"Alisema ofisini anakubali uliogopa. Ila mlitembea saa nzima kurudi nyumbani, ninyi wawili tu, na hukumwambia."

Nilisikia kuku uani kwake, na mtu kwa mbali akiita mbuzi.

"Ni kweli," alisema mzee. "Na ilizidi saa. Tulipumzika mtoni, akanawa uso."